Sakafu ya gereji: shajara ya kuandaa zege kabla ya epoksi

Jumamosi, 28 Juni 2025

Leo nimemaliza kubandua rangi ya zamani. Kipande cha mwisho kimetoka kwa vidole, bila patasi, kikubwa kama sinia. Nimekipeleka juani nikakigeuza. Upande wa juu bado ni kijivu kinachong'aa, hauna hata mkwaruzo. Upande wa chini umeshika ngozi ya saruji, nyembamba kama ganda la yai, laini, na mapito ya mwiko wa fundi bado yanaonekana. Kwa hiyo rangi ilishika barabara. Kilichoachia ni niru.

Gereji yangu iko Tabata, Dar es Salaam. Tunatengeneza pikipiki na bajaji. Sakafu ni mita 5 kwa 6, zege lililomwagwa mwaka 2017 na kumaliziwa kwa niru kama sakafu nyingi za mji huu: zege likiwa bado bichi, fundi ananyunyiza saruji tupu juu yake, kisha anaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka inateleza. Kwa sebuleni ni kazi nzuri. Nimekulia kwenye nyumba ya niru nyekundu, na mpaka leo naipenda. Lakini niru ni saruji isiyo na mchanga wala kokoto, na imesuguliwa hadi vinyweleo vyake vimeziba. Epoksi, rangi ngumu ya sakafu ninayotaka kupaka, inataka vinyweleo ili iingie na kung'ata. Ikikosa pa kuingia inakaa juu juu, na pale ambapo niru yenyewe haikushikana na zege, inang'oka nayo. Tairi iliyotoka barabarani saa nane mchana inakuja na joto. Ikisimama na kupoa inaivuta rangi. Ndiyo maana kubanduka kulianzia kwenye njia za magurudumu.

Waliopaka mwaka juzi walifagia, wakapiga deki kwa sabuni, wakapaka jioni ile ile. Nilikuwepo, nikaona sakafu imetakata, nikaridhika. Baada ya miezi minne malengelenge ya kwanza yakatokea. Safari hii naandika kila hatua, na kopo la epoksi halifunguliwi mpaka sakafu ipite vipimo vyote.

Jumapili, 29 Juni

Amekuja mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi wa terazo, sakafu za vipande vya mawe zinazosagwa mpaka zing'ae, tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na chai hakutaka kuangalia kitu chochote isipokuwa kusikiliza. Alipiga magoti, akageuza nyundo, akaanza kugonga sakafu kwa mpini, hatua kwa hatua, kichwa kimeinama. Zege zima linatoa sauti fupi, kavu. Sehemu ambayo niru imeachana na zege inalia kama mtungi mtupu. Mimi nilimfuata na chaki nikizungushia kila panapolia. Alipofika ukuta wa nyuma tulikuwa na miduara kumi na saba, mingine upana wa meza.

"Mwanangu," akasema, "hapa huna sakafu mbovu. Una shuka limetandikwa juu ya kitanda kizuri. Toa shuka."

Kisha akachukua msumari akakwaruza ndani ya duara moja. Ukaacha mfereji mweupe na unga. Akakwaruza mahali ambapo niru ilikuwa imeshatoka na zege limebaki wazi. Ukaacha mstari wa kijivu wa chuma, basi. Kipimo hicho hakina gharama, na kinakwambia mengi kuliko fundi anayesimama mlangoni na kusema "hii iko poa bosi."

Jumatano, 2 Julai

Siku tatu hizi ni oili tu.

Pikipiki tumezihamishia nje chini ya turubai, na wateja wanasubiri kwenye benchi la jirani. Ndani kuna madoa ya miaka minane: oili chafu chini ya sehemu ya kumwagia, grisi karibu na meza, mafuta ya breki yaliyokwisha kula rangi hata kabla haijabanduka. Oili lazima itoke kabla ya kusaga. Ukisaga juu ya oili, joto la diski linaiyeyusha na kuisambaza, na diski yenyewe inaziba kwa uji mweusi usiokata kitu.

Dogo, kijana wangu wa kazi, alikuwa ameshanyanyua dumu. "Bosi, si tumwage petroli? Inakula grisi mara moja."

Nikamwambia aweke chini. Petroli inayeyusha oili kweli, lakini oili iliyoyeyuka haipandi juu yenyewe, inazama kwenye zege zaidi ya ilivyokuwa. Halafu ndani ya chumba kilichofungwa pande tatu, cheche moja tu ya swichi inatosha.

Tulichofanya ni hiki. Kwanza mwiko, kukwangua grisi yote iliyosimama juu. Pili maranda kutoka kwa seremala, yakamwagwa kwenye madoa mabichi na kukanyagwa kwa buti, yakanywa usiku kucha. Tatu, dawa ya kuondoa mafuta, ile ya kuoshea injini inayochanganyika na maji, kwa maji ya moto. Siri yake iko kwenye muda na brashi. Unamwaga, unaacha dakika kumi na tano bila kuiruhusu ikauke, unasugua kwa brashi ngumu kwa nguvu zote, unavuta maji machafu wakati povu bado liko juu. Ukiacha povu likatulia, oili inarudi chini ulikoitoa. Doa la sehemu ya kumwagia oili limechukua raundi nne.

Hata hivyo maji ya raundi ya nne yalikuwa safi na doa bado lipo. Hapo nikatengeneza bandiko: unga wa chaki na dawa ile ile ya mafuta, zito kama ugali wa kula na mchuzi, likapakwa unene wa kidole, likafunikwa nailoni. Kesho yake asubuhi nikatoa nailoni, nikaliacha likauke. Lilikuwa jeupe nilipoliweka. Limekauka rangi ya chai ya rangi. Oili iliyokuwa ndani imepanda ikaingia kwenye chaki, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Nimerudia mara mbili, na la pili limetoka karibu jeupe.

Kipimo chake ni tone la maji. Chovya kidole, dondosha. Pakiwa na mafuta, tone linasimama duara kama maji kwenye jani la gimbi. Pakiwa safi, linatandaa na kunywewa, na zege linabadilika rangi kuwa nyeusi kidogo. Dogo amezunguka sakafu nzima na kikombe, kila hatua moja tone moja. Niru iliyobaki hainywi hata kama haina mafuta, kwa hiyo pale tunarudia baada ya kusaga.

Maji machafu hatukuyamwaga mtaroni. Mitaro ya huku inashuka hadi Mto Msimbazi, na Msimbazi unaingia baharini. Yako kwenye mapipa mawili, oili imeanza kuelea juu. Nitaitenga na kuipeleka pamoja na oili chafu yetu kwa wanaoikusanya. Maranda nayo yamefungwa kwenye gunia, mbali na moto.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, mji mzima uko viwanja vya maonyesho. Nimetumia utulivu huo kujaribu tindikali.

Wengi wanaopaka sakafu hapa mjini huanza na tindikali, ile ya kusafishia vigae. Nilitaka kuona mwenyewe kabla ya kuikataa au kuikubali. Glavu ndefu, miwani, buti, milango wazi. Kanuni haibadiliki: maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, tindikali inafuata taratibu. Ukimwaga maji kwenye tindikali inachemka na kukurukia usoni. Nimepima nusu mita ya mraba mahali penye zege wazi na nusu mita juu ya niru nzima.

Kwenye zege wazi ilichemka kwa povu jeupe dakika chache kisha ikatulia. Kwenye niru ilichemka pia, ikaacha uso wenye ukwaruzo kidogo kama msasa laini. Lakini mzee alipita akagonga, na duara lile lile likalia kama mtungi. Tindikali imekwaruza shuka, haikulitoa. Na pale pembeni palipokuwa na alama ya oili niliyodhani imekwisha, haikuchemka kabisa. Tindikali haili mafuta, inapita juu yake.

Nimesuuza kwa maji mengi, kisha kwa maji ya magadi ili kuua ukali uliobaki, kisha maji tena mara tatu, na karatasi ya litmasi haikugeuka nyekundu. Suuza ni kazi nzito kuliko tindikali yenyewe, kwa sababu inapokula saruji inaacha chumvi ya kalisi kloridi, na chumvi hiyo inavuta unyevu kutoka hewani. Ukiifungia chini ya epoksi umejifungia maji.

Jumanne, 8 Julai

Asubuhi nimefungua kabati la spana lililokuwa mita tatu kutoka tulipojaribu. Spana zote za rafu ya juu zimeota kutu nyekundu nyembamba, kama zimenyunyiziwa pilipili ya unga. Mvuke wa tindikali umezifikia usiku. Tumezisugua kwa dizeli na brashi ya waya siku nzima.

Tindikali haitaingia tena humu. Tunasaga.

Jumapili, 13 Julai

Mzee alikuja na mashine yake ya terazo na mawe namba 24, yale ya kwanza kabisa, makali. Alitaka kujua tunataka king'ae kiasi gani. Nilipomwambia hatutaki king'ae hata kidogo, tunataka kukwaruze, alicheka, maana maisha yake yote watu wamemlipa kwa king'ae. Katikati ya chumba tumetumia mashine yake na maji. Pembeni, chini ya meza na kuzunguka nguzo tumetumia grenda la mkono lenye diski ya almasi ya umbo la kikombe, lililofunikwa kifuniko chenye bomba la mashine ya kufyonza vumbi.

Naomba hili lisomwe polepole. Vumbi la zege lina silika. Chembe zake ndogo hazionekani, zinaingia ndani kabisa ya mapafu na hazitoki. Zinayakakamaza miaka na miaka baadaye, na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la visababishi vya saratani. Nimeona vijana wakisaga sakafu na fulana imefungwa puani. Fulana haizuii kitu. Dogo alivaa barakoa ya chujio la kweli iliyobana uso, kila dakika aliyoshika grenda, na wakati wa kufagia pia. Kwenye maji vumbi halipandi, na hiyo ndiyo sababu kubwa niliyoipenda mashine ya mzee.

Lakini maji yana deni lake. Kusaga kwa maji kunatoa uji wa kijivu, na uji huo ukikauka juu ya sakafu unaingia kwenye vinyweleo vile vile tulivyovifungua na kuviziba upya. Umesaga niru, umetengeneza niru nyingine. Kwa hiyo mzee alisaga vipande vya mita mbili kwa mbili, na kila akimaliza kimoja sisi tulivuta uji kwa mpira wa kusukumia maji, tukafyonza, tukasuuza, tukafyonza tena, ndipo akaendelea. Uji huo unakula ngozi kama saruji bichi, buti zisivuliwe.

Kufikia jana magharibi niru yote ya katikati ilikuwa imetoka kwa mashine, na leo tumemaliza pembe. Mahali ilipokuwa imeachana, ilikatika kwa mabamba. Mahali iliposhika, ilisagika polepole mpaka mchanga ukaanza kuonekana, kisha kichwa cha kokoto hapa na pale. Nimepitisha kiganja chumba kizima. Inakwaruza kama msasa namba 80. Taasisi ya kimataifa ya ukarabati wa zege, ICRI, ina ngazi kumi za ukwaruzo zinazoitwa CSP; ya 1 karibu ni laini, ya 10 ni makorongo. Epoksi nyembamba ya kupaka kwa roli inataka kati ya 1 na 3. Tuko hapo.

Miduara kumi na saba yote imegongwa upya. Hakuna inayolia.

Jumatatu, 14 Julai

Tone la maji, kila mita. Linanywewa kila mahali isipokuwa sehemu moja ya sahani mbili karibu na meza. Bandiko la chaki limerudi pale.

Alhamisi, 17 Julai

Zege linaonekana kavu. Kuonekana hakutoshi, nimelipia somo hilo.

Nimekata vipande vinne vya nailoni nzito ya kujengea, sentimita 45 kwa 45, nikavibandika sakafuni kwa tepu pande zote bila upenyo: katikati, mlangoni, na kimoja kila pembe ya nyuma. Kipimo kinataka angalau saa 16. Niliweka jana saa kumi jioni, nimetoa leo saa nne asubuhi, saa 18. Vitatu ni vikavu. Cha nne, pembe ya kushoto ya nyuma, kilikuwa na matone kwa ndani, na zege chini yake limekuwa jeusi lenye umbo la mraba kamili.

Ningepaka, mvuke huo ungepanda na kusukuma epoksi kutoka chini. Malengelenge yangeanzia pale. Na nilipotazama ukuta juu ya pembe hiyo nikaona kitu nilichokiona miaka yote bila kukisoma: ukanda mweupe wa unga, urefu wa goti, rangi ya ukuta imevimba. Watu wanaita fangasi. Ni chumvi. Maji yanapanda kwenye tofali, yanakauka, chumvi inabaki nje.

Nimezunguka nyuma. Kiyoyozi cha duka la jirani kinadondosha maji mchana kutwa chini ya ukuta wangu, tone, tone, tone, na udongo pale ni matope wakati mtaa mzima ni vumbi.

Nilikwenda kwa mama mwenye duka. Nilimwonyesha nailoni yenye matone. "Jamani baba, mimi sikujua," akasema, na jioni hiyo hiyo mpira wa mita tano umefungwa, maji yanaingia kwenye ndoo na anamwagilia mchicha wake.

Jumamosi, 26 Julai

Siku tisa za upepo wa kusi na milango wazi. Nailoni ya pembe ya kushoto tena, saa 20. Kavu kabisa, zege rangi moja na jirani yake. Namshukuru Mungu haya hayakunikuta Aprili, katikati ya masika.

Leo ufa. Kuna mmoja unaotoka mlangoni hadi nguzo, urefu wa mita 2 na nusu hivi. Umefunguliwa kwa grenda kuwa umbo la V, ukafyonzwa vumbi, ukajazwa epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo tu, unaharibu mchanganyiko, kwa hiyo tumeukaanga kwenye karai na kuupoza. Kiungo kilichoachwa makusudi kati ya sakafu na ukuta hatukukijaza kwa kitu kigumu. Zege linatanuka na kusinyaa. Likinyimwa nafasi yake litapasua pengine.

Jumapili, 3 Agosti

Praima, tabaka la chini linalotangulia epoksi yenyewe.

Tulifyonza sakafu mara tatu tangu jana, na hakuna aliyeingia na viatu vya nje. Kipimo cha mwisho cha usafi ni tepu: bandika, bonyeza, bandua, tazama. Ya kwanza ilitoka na vumbi. Baada ya kufyonza mara ya tatu ilitoka karibu safi.

Dogo alitaka tuanze asubuhi kukiwa na ubaridi. Nilimkatalia. Asubuhi zege linaanza kupata joto, hewa iliyo kwenye vinyweleo inatanuka na kutoka, na kila inapotoka inaacha tundu la sindano kwenye praima. Unapaka joto likiwa limeanza kushuka, ili zege livute ndani. Lakini Dar ukichelewa sana, umande unakusubiri. Kanuni ni kwamba sakafu iwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa kulifikia, maji yake yanaanza kutua. Saa tisa alasiri: hewa nyuzi 28, unyevunyevu asilimia 62, umande nyuzi 20, sakafu nyuzi 26 kwa kile kipimajoto tunachopimia injini. Nafasi ya nyuzi 6. Tumepaka. Saa mbili usiku nimepima tena: hewa 24, unyevunyevu 85, umande 21. Ningeanza saa ile, hewa na umande vimeachana nyuzi 3 tu, ningekuwa nacheza ukingoni mwa kanuni.

Zege limeinywa praima mpaka limekuwa jeusi. Pembe mbili zimekauka bila kung'aa, zinahitaji mkono wa pili.

Jumanne, 5 Agosti

Jana niligundisha nati tatu kuukuu sakafuni kwa epoksi ili kupima mshiko: moja kwenye njia ya magurudumu, moja kwenye doa la oili, moja pembe ya kushoto. Wataalamu wana mashine ya kuvuta inayosoma nguvu, na kiwango kinachotakiwa sana kwa zege ni niutoni 1.5 kwa milimita ya mraba. Mimi nina nyundo.

Leo jioni nimezigonga kwa pembeni. Ya kwanza iligoma pigo la kwanza, la pili, la tatu. La nne ikaruka hadi mlangoni. Dogo ameiokota akaigeuza, akaniletea bila kusema. Chini yake kuna mchanga, saruji ya kijivu, na nusu ya kokoto iliyokatika katikati. Epoksi haikuachia; kilichokatika ni zege zima lenyewe. Hata doa la oili limetoa hivyo hivyo.

Nimeiweka nati hiyo rafuni, kando ya kile kipande cha niru. Mashimo matatu yamezibwa. Kesho saa tisa tunapaka mkono wa kwanza wa epoksi.